Nani Humfundisha Mgonjwa Kuficha?

Ewe msomaji, hapana shaka umekwisha kuisikia methali isemayo kwamba mficha maradhi kilio humfichua. Huenda uliandikiwa ubaoni ukaambiwa uitungie kisa, nawe ukaandika habari za mtu mpumbavu aliyeugua, akanyamaza, akafa. Na mwalimu akakupa alama nzuri. Mimi pia nimetoa alama nzuri kwa visa vya namna hiyo, navyo vilifanana kama maharagwe ya chungu kimoja. Katika visa vyote mwenye kosa alikuwa mmoja tu, yaani mgonjwa. Sikumbuki hata kisa kimoja ambacho mwandishi wake aliuliza: mtu huyu alijifunza wapi kuficha? Mtoto mchanga haifichi homa yake. Hulia mpaka nyumba nzima ikaamka. Basi kuficha si tabia ambayo mtu huzaliwa nayo. Ni elimu, na kila elimu ina mwalimu wake.

Nataka kukuonyesha kwamba mwalimu wa elimu hiyo ni mimi na wewe, na kwamba mafunzo yetu yameua watu wengi. Maradhi yanayofichwa ni mengi, lakini nitashika ugonjwa mmoja tu ili nisitangetange, nao ni kifua kikuu. Nimeuchagua kwa kuwa waambukiza, waua, na wapona. Ugonjwa usio na dawa waweza kusamehewa kuua. Ugonjwa ambao dawa yake hutolewa bure katika hospitali na zahanati za serikali yetu, na bado waua, yafaa tuuulize unalindwa na nani.

Kifua kikuu ni cha kale. Alama zake zimeonekana hata katika mifupa ya watu wa Misri ya zamani. Kwa karne nyingi watu waliuona ugonjwa huu ukiingia katika nyumba moja ukamchukua baba, kisha mama, kisha mtoto, wakasema ni urithi wa damu, au ni laana, au ni kazi ya mchawi. Siwacheki wazee wale, maana walisema kwa kadiri ya macho yao. Lakini tarehe 24 Machi 1882, mjini Berlin, tabibu Mjerumani aitwaye Robert Koch aliwatangazia wenzake kwamba amekiona kwa hadubini kijidudu kiletacho ugonjwa huo. Tangu siku ile hoja ya laana imekosa pa kusimama. Nyumba moja hupoteza watu watatu kwa sababu watu watatu walivuta hewa moja.

Hewa ndiyo njia. Mtu mwenye kifua kikuu cha mapafu akikohoa, akipiga chafya, akiimba, hata akizungumza tu, hutoa vitone vidogo mno visivyoonekana, na ndani yake mna vijidudu. Katika chumba kilichofungwa vitone hivyo huelea kwa saa nyingi, na mtu avutaye hewa ile kwa muda mrefu aweza kuambukizwa. Kifua kikuu hakipatikani kwa kushikana mikono, wala kwa kunywea kikombe kimoja, wala kwa kukalia kiti alichokalia mgonjwa, wala kwa kuvaa nguo yake. Nakusihi uyakumbuke maneno hayo kuhusu kikombe, kwani nitayarudia, na nitakapoyarudia nitakuwa najishtaki mwenyewe.

Tena, kuingiwa na vijidudu si sawa na kuugua. Wataalamu wakadiria kwamba robo hivi ya wanadamu wote wamewahi kuingiwa na vijidudu hivi, na katika kila watu 100 wa namna hiyo, ni 5 hadi 10 tu watakaougua maishani mwao. Wengine hukaa navyo vimelala mpaka siku ya kuzikwa. Aghalabu huamka mwili unapodhoofika: kwa njaa, kwa kisukari, kwa ulevi, kwa uzee, kwa virusi vya UKIMWI. Na hapa pana uvumi wa kuvunjwa mara moja. Wapo wasemao kwamba kila mwenye kifua kikuu ana UKIMWI, na kwa sababu hiyo mgonjwa huogopa kupimwa makohozi kana kwamba anapimwa mwenendo wake. Ni kweli virusi hivyo huufungulia mlango ugonjwa huu. Lakini wengi wa wagonjwa wa kifua kikuu nchini Kenya hawana virusi hivyo, na hata wangekuwa navyo, ni nani aliyekupa wewe kiti cha hakimu?

Dalili zake si fumbo. Ni kikohozi kisichokoma, homa za jioni, jasho la usiku linalolowesha shuka, kukonda pasipo kukusudia, kuchoka, kifua kuuma, na pengine damu katika makohozi. Zamani ilisemwa mtu asubiri wiki mbili za kukohoa kabla ya kwenda kupimwa. Siku hizi nchini Kenya wahudumu wa afya hutaka kujua habari za kikohozi cho chote, kiwe cha siku ngapi. Kuna mashine ziwezazo kuyachunguza makohozi na kutoa jibu kwa muda wa saa mbili hivi, tena hutambua kama kijidudu kile ni sugu kwa dawa iliyo kubwa kuliko zote. Yaani kujua kumekuwa rahisi kuliko kufua shati na kungoja likauke.

Sasa hebu nikusimulie jinsi nilivyomfundisha mtoto wa watu kuficha.

Nilikuwa mwalimu wa zamu katika shule ya bweni, katika nchi ya baridi, ambako madirisha ya mabweni hufungwa jua likitua na hayafunguliwi mpaka kengele ya asubuhi. Alikuwako mvulana wa kidato cha 3, mpole, mlinda lango wa timu ya shule. Muhula ulipoanza alikuwa akikohoa. Kiranja wa bweni akaja kwangu akasema, “Mwalimu, hatupati usingizi, huyu anatusumbua.” Badala ya kumwita mvulana yule faraghani na kumpeleka zahanati, ambayo haikuwa mbali, nilimsimamisha mbele ya wenzake wakati wa maandalio ya jioni. Nikamwambia ahamie kitanda cha mlangoni, awe na kikombe chake peke yake, na asikichanganye na vya wenzake. Nilidhani nimefanya jambo la usafi. Wavulana wakacheka, na kabla ya wiki kwisha walikuwa wamempa jina. Wakamwita “Kifua.”

Mvulana akaacha kukohoa. Nami nikafurahi! Laiti ningalitazama vizuri, ningaliona kwamba alikuwa anakohoa ndani ya blanketi, kwamba alitoka darasani mara tatu kwa kipindi kimoja, kwamba hakuomba tena kucheza mpira, kwamba sweta yake ilianza kumpwaya mabegani. Kikombe chake kilikuwa pekee, kama nilivyoagiza. Hewa yake ilikuwa ileile ya wavulana 40, katika chumba kile kilichofungwa madirisha, usiku baada ya usiku. Nilikuwa nimekitenga kitu kisichoambukiza, nikakiacha kile kiambukizacho, na juu ya hayo nikamfunga mtoto kinywa.

Aliyemwokoa hakuwa mwalimu. Alikuwa mpishi. Mzee yule alinijia asubuhi moja, mwisho wa mwezi Machi, akavua kofia yake, akasema, “Mwalimu, samahani. Mtoto yule mrefu anatema damu nyuma ya jiko. Si leo tu.” Tulikwenda zahanati siku ile ile. Muuguzi akamwuliza kwa upole, “Umekohoa tangu lini, mwanangu?” Kabla ya kujibu, mvulana alinitazama mimi kwanza. Kisha akasema, “Tangu Januari, mama.” Wanafunzi wenzake walipochunguzwa, wawili wakapatikana nao wanaugua.

Mtazamo ule ndio ulionifanya niandike insha hii. Mtoto aliulizwa swali la uhai wake akatafuta ruhusa usoni pangu.

Nawasikia wapinzani wangu. Wapo waungwana wasemao kwamba wagonjwa wenyewe ndio wazembe: hupewa dawa bure, wakaziacha njiani, wakatuletea balaa la ugonjwa sugu, kwa hiyo wacha waone haya, haya itawatengeneza. Hoja hiyo ina nusu ya ukweli, na nusu hiyo nitaikubali waziwazi.

Ni kweli kwamba kuacha dawa njiani ni hatari kubwa. Jambo hili dunia ililijua mapema. Streptomisini, dawa ya kwanza kukipiga kifua kikuu barabara, ilipatikana katika mwaka 1943 kule Marekani. Waingereza walipoijaribu kwa wagonjwa baada ya vita, wagonjwa walipata nafuu ya ajabu katika miezi ya mwanzo, kisha wengi wao wakarudi nyuma, kwani vijidudu vilivyobaki vilikuwa vimeizoea ile dawa moja. Ndipo matabibu wakajua kwamba ugonjwa huu hupigwa kwa dawa kadhaa pamoja, na kwa muda mrefu. Mtoto wa mkulima ataelewa upesi. Ukiifyeka ndago kwa panga, shamba laonekana safi machoni. Lakini vitunguu vyake vingali udongoni, na mvua ya kwanza ikinyesha utaikuta imerudi. Mgonjwa anywaye dawa kwa miezi miwili akaacha kwa sababu kikohozi kimekoma, amefyeka, hajang'oa. Vijidudu vilivyosalia ni vile vyenye uvumilivu mkubwa, na ndivyo atakavyowaambukiza watoto wake. Kifua kikuu kisichosikia rifampisini wala isoniazidi hutaka dawa nyingine, zilizo ghali na kali zaidi. Na miaka michache tu iliyopita kulikitibu kulichukua mwaka mmoja na nusu au zaidi, pamoja na sindano zilizowaacha baadhi ya wagonjwa viziwi.

Tena, kwetu sisi wa Afrika ya Mashariki kuacha dawa ni kudharau urithi wetu wenyewe. Zamani matibabu yalichukua miezi 18. Katika mwaka 1970 na baada yake, wagonjwa wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia walikubali kushiriki katika majaribio yaliyofanywa na mabaraza ya utafiti wa tiba ya Afrika ya Mashariki na ya Uingereza. Matokeo yalitangazwa mwaka 1972. Yalionyesha kwamba miezi 6 ya dawa, rifampisini au pirazinamidi ikiwa miongoni mwake, yaweza kufanya kazi ya miezi 18. Kutoka katika majaribio hayo, na mengine yaliyoyafuata, dunia nzima ilipata matibabu mafupi yanayotumika hata leo: miezi miwili ya dawa nne, yaani isoniazidi, rifampisini, pirazinamidi na ethambutoli, kisha miezi minne ya dawa mbili. Mgonjwa wa Ulaya anayepona kwa miezi 6 adaiwa shukrani na watu waliolala katika wadi za kwetu. Majina yao hayakuandikwa katika vitabu vya shule. Nimeona shule zikiwafundisha watoto urefu wa mito ya Ulaya zisiwafundishe habari hii.

Basi nusu ya kwanza ya hoja nimeikubali: dawa isiachwe. Nusu ya pili, kwamba haya itamtengeneza mgonjwa, naikataa kabisa. Uliza kwa nini watu huacha dawa. Mmoja huacha kwa sababu amepata nafuu na hakuelezwa kwamba nafuu si kupona. Mwingine huona mkojo wake umekuwa mwekundu kama chai ya rangi, akadhani figo zimeoza, kumbe ni rangi ya rifampisini ipitayo tu. Lakini hathubutu kumwuliza mtu, maana kuuliza ni kujitaja. Wa tatu hana nauli, au hunywa vidonge vile juu ya tumbo tupu akatapika. Wa nne alionwa na jirani mlangoni pa kliniki ya kifua kikuu, na kesho yake wateja wa kibanda chake cha chapati wakahamia kwa mwingine. Katika hao wanne, haya itamponya yupi? Yule wa nne ndiyo kwanza imemwua.

Twende mbali zaidi, maana wapo waliotaka kuongeza gereza juu ya haya. Katika mwezi wa Agosti 2010, wanaume wawili wa Bonde la Ufa, wagonjwa wa kifua kikuu walioacha dawa, walipelekwa mahakamani kwa kuitumia Sheria ya Afya ya Umma, wakaamriwa kukaa gerezani kwa miezi minane. Walikaa zaidi ya mwezi mmoja kabla ya kutolewa. Tafakari hekima ya amri ile. Mtu anayeambukiza kwa hewa huchukuliwa, ati kwa ajili ya usalama wa watu, akawekwa mahali ambapo watu hulala wakibanana na madirisha ni matundu. Hata adui wa taifa asingepata shauri jema kuliko hilo la kueneza kifua kikuu. Shauri lilifika Mahakama Kuu mjini Nairobi, na mwezi wa Machi 2016 Jaji Mumbi Ngugi akaamua kwamba kuwafunga wagonjwa gerezani kwa jina la matibabu kulikuwa kinyume cha Katiba. Sheria yaweza kumtenga mtu kwa muda inapolazimu, lakini mahali pa kutengewa mgonjwa ni mahali pa kumtibu.

Usidhani nakutajia habari hii ili umlaumu hakimu wa kwanza ukalale. Mimi nilifanya alivyofanya yeye, ila gereza langu lilikuwa kitanda cha mlangoni na kikombe cha peke yake. Na wewe, ndugu msomaji, umewahi kumpa mwenzako jina kwa sababu ya kikohozi? Umewahi kuhama dawati? Umewahi kusema kwa sauti, ili asikie, kwamba wengine wafaa kukaa kwao? Yamkini ulisahau jioni ile ile. Yeye hakusahau. Alijifunza.

Matunda ya mafunzo hayo yamepimwa. Katika miaka ya 2015 na 2016 serikali ya Kenya ilifanya uchunguzi wa nchi nzima, watu zaidi ya 60,000 wakachunguzwa vifua. Ilionekana kwamba katika kila watu 10 wanaougua kifua kikuu nchini, karibu 4 hawagunduliwi wala hawatibiwi. Wengi katika wale waliokuwa na dalili hawakuwa wamekwenda po pote kutafuta matibabu, kwani walikiona kikohozi chao kuwa si kitu. Mpinzani wangu atasema, “Hao hawakuona haya, walipuuza tu.” Kwa sehemu ni kweli. Lakini tazama upuuzi huo umelelewaje. Jambo lisilotajwa mezani, lisilotajwa kanisani wala msikitini, linalotajwa shuleni kwa mzaha tu, mtu atalipima uzito wake kwa mizani gani? Hununua dawa ya maji ya kikohozi dukani, chupa ya kwanza, ya pili, ya tano. Muuza duka hamwulizi ni chupa ya ngapi. Mkewe hamwulizi kwa nini shuka imelowa. Wote wamstahi, na heshima yao yamsindikiza kaburini.

Duniani kote, katika mwaka 2023 peke yake, kifua kikuu kiliua watu wapatao 1,250,000. Hapana kijidudu kingine kilichoua watu wengi kuliko hicho mwaka ule. Na karibu wote hao walikufa kwa ugonjwa wenye dawa.

Nimalize na swali ambalo wanafunzi wameniuliza mara nyingi, nalo ni la haki: “Mwalimu, basi watutaka tukae na mgonjwa, tuambukizwe kwa ajili ya upole?” La. Upole usio na akili sio niuombao. Mgonjwa wa mapafu ambaye hajaanza dawa, au ndiyo kwanza ameanza, afaa kupumzika nyumbani, katika chumba chenye hewa, afunike kinywa akikohoa, avae barakoa akiwa na watu. Lakini baada ya wiki mbili hivi za dawa zifaazo, mgonjwa wa kifua kikuu cha kawaida aghalabu haambukizi tena. Tabibu wake ndiye asemaye, si kiranja. Siku hiyo akirudi darasani, hapana sababu ya kuhama dawati. Mtu wa kuogopwa ni yule akohoaye ambaye hajapimwa, na huyo humjui, kwa sababu umemfundisha kunyamaza. Watoto wetu huchanjwa chanjo ya BCG wanapozaliwa, nayo huwakinga wachanga na aina zilizo kali mno za ugonjwa huu. Lakini kinga yake haimfuati mtu barabara mpaka ukubwani, kwa hiyo usijione umevaa ngao. Waliokaa nyumba moja na mgonjwa wafaa kuchunguzwa, na kati yao wasiougua waweza kupewa dawa ya kuzuia vijidudu visiamke. Na dirisha lifunguliwe. Katika matatu, katika bweni, katika chumba cha maombi, lifunguliwe hata kama kuna baridi. Blanketi hununuliwa, pafu halinunuliwi.

Mvulana wangu alitibiwa miezi 6. Alikosa mtihani mmoja. Ilinibidi nisimame mahali pale pale niliposimama siku ile, mbele ya wavulana wale wale, niseme kwamba nilikosea habari ya kikombe na kwamba jina lile halitatajwa tena. Mwalimu mwenzangu aliniambia nimejivunjia heshima. Labda. Lakini katika wiki ile ile wanafunzi wanne walikuja mlangoni pangu, mmoja mmoja, jioni, kuniambia kwamba wanakohoa. Watatu walikuwa na mafua tu. Wa nne alianzishiwa dawa siku ya Ijumaa.

Nawe una shule yako. Kesho uliza ni nani mwenye kazi ya kufungua madirisha ya bweni usiku, na ni wapi mwanafunzi akohoaye aweza kwenda pasipo kutangazwa mbele ya darasa, na kama atakayekaa nyumbani wiki mbili kwa ajili ya dawa atakikuta kitanda chake. Ukijibiwa kwamba maswali hayo si ya mwanafunzi, yaulize tena muhula ujao.